Kasha Linalolia

LOREN: Haloo? ... Haloo, Rhonda?

SIGNE: Si mama.

LOREN: Ni nani?

SIGNE: Mimi, baba.

LOREN: Signe? Kapanya wangu! Mbona una simu ya mama yako? Kuna nini? Mama yako yuko—

SIGNE: Mzima. Amelala. Ametoka zamu ya usiku kiwandani, ananuka jibini mpaka nywele. Habari za huko?

LOREN: Upepo tu. Upepo na vumbi. Kwani huku Dakota kuna kingine? Hebu, hiyo kelele ni ya nini? Kama milango mia ambayo haijatiwa mafuta.

SIGNE: Ndio wenyewe.

LOREN: Wenyewe akina nani?

SIGNE: Mabata bukini.

[Vifaranga wanalia wote kwa pamoja.]

LOREN: Wamefika.

SIGNE: Wamefika. Leo.

LOREN: Si walisema... mimi nilidhani ni wiki ijayo.

SIGNE: Walisema leo. Ulikuwepo walivyosema. Wewe ndiye ulikuwa umeshika simu.

LOREN: Ndiyo. Kweli. Ni kweli kabisa.

SIGNE: Mezani jikoni. Theluji ilikuwa imeziba dirisha. Ukawaambia wale wa kutotolesha vifaranga, nileteeni wa kijivu kumi. Halafu ukaniambia mimi—

LOREN: Nakumbuka nilichokwambia.

SIGNE: Haya.

LOREN: Nakumbuka, Signe. ... Na uko wapi sasa hivi?

SIGNE: Kwenye pikapu.

LOREN: Kwenye pikapu na nani?

SIGNE: Na bukini.

LOREN: Unaendesha? Unaendesha na huku unaongea na simu? We mtoto! Leseni yenyewe haijakauka wino!

SIGNE: Simu nimeiegemeza kwenye dashibodi. Mikono yote miwili iko kwenye usukani. Unataka nikuapie?

LOREN: Usiape, tazama mbele. Na mwendo?

SIGNE: Trekta la akina Skaar limenipita.

LOREN: [anacheka] Hapo sawa. Endelea hivyo hivyo. Mama yako anajua umechukua pikapu?

SIGNE: Atajua akiamka.

LOREN: Eh! Kapanya siku hizi ana meno.

SIGNE: Bwana Dvorak wa posta alipiga simu alfajiri. Simu ya mama ilikuwa jikoni, nikaidaka kabla haijamwamsha. Akasema, njooni mchukue watu wenu, wananitia kichaa, nimeshindwa hata kunywa kahawa.

LOREN: Huyo kila mwaka lazima alalamike, na kila mwaka huwa anawabembeleza. Ulipitia mlango wa nyuma?

SIGNE: Ndiyo. Pale wanapopakulia.

LOREN: Na akakwambia mfungue kasha mbele yake, ili kama kuna waliokufa asisingiziwe.

SIGNE: Akafungua mwenyewe. Akaingiza kichwa chote. Na ndevu.

LOREN: Dvorak ndiye aliyefungua?

SIGNE: Eeh.

LOREN: Basi kwisha! Kwisha habari! Sasa mama yao ni Dvorak. Utawaona wanamfuata nyumba kwa nyumba anagawa barua.

SIGNE: [anacheka kidogo] Alikuwa anawaambia, "mambo vipi waheshimiwa."

LOREN: Bibi yako Gudrun angemchapa. Alikuwa haruhusu mtu kusogelea kasha. Anasema usipotaka kuwa mama yao, usifungue, na ukifungua, usifungue mdomo. Sauti ya kwanza ndiyo inayokaa.

SIGNE: Ndiyo maana nimekupigia.

LOREN: Ndiyo maana nini?

SIGNE: Bwana Dvorak alivyokuwa anaongea, walinyamaza. Wote, kimya, shingo juu kama wako kanisani. Nikabeba kasha mpaka kwenye pikapu, nikawasha gari, wakaanza. Hivyo unavyosikia.

LOREN: Wanataka sauti. Walikuwa gizani siku mbili ndani ya gari la posta, bila mtu wa kuwajulia hali. Waongeleshe basi.

SIGNE: Nimewaongelesha.

LOREN: Umewaambiaje?

SIGNE: Nimesema, "tulieni."

LOREN: Halafu?

SIGNE: Halafu nikamaliza.

LOREN: Umemaliza?

SIGNE: Sina maneno mengine baba. Nasikia aibu.

LOREN: Unaonea aibu bukini?

SIGNE: Usinicheke.

LOREN: Sicheki.

SIGNE: Unacheka, nakusikia. Redio ya pikapu imekufa. Wanalia mpaka sauti zinakauka, na kuna mmoja hata halii. Nimemtoa kashani, nimemweka ndani ya sweta. Bwana Dvorak amesema huyu ni wa nyongeza, huwa wanatia mmoja juu kwa ajili ya kufidia wanaokufa, na huyu mwenyewe ndiye anayetaka kufidiwa.

LOREN: Ana joto?

SIGNE: Ana ubaridi. Nausikia moyo wake unadunda lakini.

LOREN: Basi mwache hapo hapo kwenye ngozi. Ukifika, maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Unachovya mdomo wake wewe mwenyewe, taratibu, mpaka ameze. Asipomeza unachovya tena. Usimwache alale kabla hajameza.

SIGNE: Najua. Ulinifundisha. ... Baba, ongea.

LOREN: Si ndiyo naongea.

SIGNE: Na wao. Wewe ndiye unayejua kuongea. Ongea tu mpaka nifike.

LOREN: Signe, mimi hapa nina—

[Honi ya gari, upande wa Loren.]

SIGNE: Nini hiyo?

LOREN: Si kitu. Ni Duane. Huyo amezaliwa na haraka.

SIGNE: Mnaenda kazini?

LOREN: Eeh. Yaani... eeh. Haya, nisogeze karibu na kasha.

SIGNE: Nimeongeza sauti mwisho.

LOREN: Haya. Ehem. Habari zenu nyinyi wa kijivu! Mmesafirije? Pole sana, pole kwa matuta. Huyo anayeendesha ni msichana wangu, ni mzuri lakini haongei, msidhani anawachukia—

SIGNE: Baba!

LOREN: Shhh, naongea na wageni. Sikilizeni. Nilipokuwa mdogo nilifungua kasha kabla ya mama yangu. Nikaingiza kichwa kama Dvorak, nikapiga chafya mle ndani, nguvu kweli kweli. Basi mmoja akaamua mimi ndiye mama yake. Kila niendako yuko nyuma. Chooni yuko. Shuleni yuko. Jumapili akapita katikati ya kanisa, pya pya pya, akaja akalala chini ya benchi letu. Mchungaji akasema "tuombe," na yeye akajibu. Watu wote wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika—

SIGNE: Wamenyamaza.

LOREN: Kweli?

SIGNE: Wote. Sikiliza.

[Kimya. Injini peke yake.]

LOREN: Mh.

SIGNE: Wameinua shingo wanaangalia simu.

LOREN: Wanaangalia simu?

SIGNE: Wote upande mmoja. Kuna mmoja ametoa mdomo kwenye tundu. Endelea.

LOREN: Basi mchungaji akamwuliza mama yangu, Gudrun, huyu ni nani? Mama akasema, huyu ndiye pekee kwenye familia yetu anayejibu maombi kwa sauti, mwache.

[Honi mara mbili.]

LOREN: Nasikia, Duane! Nipe dakika! ... Duane, si nimesema dakika!

SIGNE: Mbona anakupigia honi?

LOREN: Anataka kupakia.

SIGNE: Kupakia nini?

LOREN: Mabegi.

[Vifaranga wanaanza kulia.]

SIGNE: Mabegi yako?

LOREN: Ya wote.

SIGNE: Unapakia... baba, unakuja nyumbani?

LOREN: Signe.

SIGNE: Ulisema siku watakapofika utakuwa posta kabla Bwana Dvorak hajafungua mlango. Umechelewa tu, si ndiyo? Unaondoka huko leo, utafika—

LOREN: Signe, sikiliza. Kuna jambo nilitaka niongee na mama yako kwanza.

SIGNE: Jambo gani?

LOREN: Ndiyo maana niliposikia simu yake nikadhani... Yaani nilikuwa najiandaa kumwambia.

SIGNE: Kumwambia nini?

LOREN: Kuna kambi nyingine. Mbele zaidi, kule kaskazini. Wanachimba kisima kipya cha mafuta. Wanachukua watu wachache tu, na mimi nimo.

SIGNE: Mpaka lini?

LOREN: Si muda mrefu.

SIGNE: Mpaka lini, baba?

LOREN: Mpaka theluji.

SIGNE: Theluji ndiyo imeyeyuka juzi.

LOREN: Najua.

SIGNE: Ulienda kwa mwezi mmoja.

LOREN: Najua, Signe.

SIGNE: Sawa.

LOREN: Usiseme sawa namna hiyo.

SIGNE: Nisemeje?

LOREN: Nitukane. Piga kelele. Mama yako akikasirika unasikia mpaka mtaa wa pili, angalau mtu anajua pa kujikinga. Wewe unasema sawa.

SIGNE: Sawa, sitasema sawa.

LOREN: Wewe hujui lilivyo lile banda bila ng'ombe. Nikisimama pale mlangoni saa ya kukamua, mikono yangu inatafuta kitu cha kushika. Haipati. Mtu hawezi kukaa hivyo kila siku.

SIGNE: Sisi tunakaa. Baba, naingia Bonde la Halvor. Huku mtandao huwa—

LOREN: Subiri, simama kwanza kabla ya kuteremka, nikuambie—

SIGNE: Nini? Huku— sikusi—

LOREN: Signe? Simama juu hapo!

SIGNE: Baba? ... Haloo? Haloo, baba?

LOREN: Nipo! Nakusikia!

SIGNE: Haloo? Imekatika. Jamani, imekatika.

LOREN: Haijakatika, nakusikia vizuri kabisa! Signe! Haloo!

[Vifaranga wanalia kwa nguvu.]

SIGNE: Haya, haya, haya. Najua. Ameondoka. Bonde ndivyo lilivyo, tutatokea kule juu kwenye kanisa. Tulieni. Tulieni jamani, mtajichosha.

LOREN: Signe?

SIGNE: Hamtulii. Haya... sasa niseme nini? Mimi naitwa Signe. Tveit. Niko kidato cha... hamjali. Nyumbani mtakaa kwenye beseni la kunyweshea ng'ombe. Ni kubwa, la bati, nimelisafisha mara tatu. Nimetandika maranda, sikuweka magazeti, magazeti yanateleza miguu inapanuka mnakuwa vilema. Taa ya joto nimeifunga kwa mnyororo, haiwezi kuanguka. Ng'ombe hawaji kunywa humo, msiogope. Hawapo.

LOREN: [taratibu] Nakusikia, mama.

SIGNE: Waliuzwa, wakaondoka kabla ya theluji. Malori matatu. Majina yao bado yako juu, kila mmoja na kibao chake. Dagny, Petunia, Malkia. Mama alitaka kuving'oa, akaleta na ngazi. Akapanda, akashika nyundo, akashuka. Hakung'oa hata kimoja. Tangu hapo ngazi iko pale pale.

[Honi.]

LOREN: Nyamaza, Duane! Hebu nyamaza!

SIGNE: Eh. Mmenyamaza? ... Mmenyamaza kweli. Mnanisikiliza mimi. Haya. Basi nitawaambia kitu. Kila jioni saa ya kukamua mama anavaa buti za baba. Zinampwaya, anajaza soksi mbili mbili na bado anaburuza kama mtoto. Anaenda bandani, anawasha redio. Ile ya ng'ombe. Walizoea redio, bila redio walikuwa hawatoi maziwa. Anaiwasha, anakaa juu ya ndoo. Ikifika saa ya kumaliza anaizima, anarudi, anapika. Akiniona naangalia dirishani anasema, nimekwenda kuangalia paka. Hatuna paka. Alikufa. Mimi sijamwambia baba. Akipiga simu mama anaongea naye kama karani wa benki, yeye naye anajibu kama karani wa benki. Kisha ananipa mimi simu, baba anachekesha, mimi nacheka. Nikikata, nyumba inakuwa... Basi. Hivyo tu.

[Injini. Changarawe.]

SIGNE: We mdogo, usilale. Meza kwanza. Tunakaribia. Usilale nakwambia.

[Injini.]

SIGNE: Leo nilifika posta bado kumefungwa. Nikasimama mlango wa nyuma. Kulikuwa na baridi. Nilijua hayupo, si mjinga, ningeona gari. Lakini nikafika mapema tu. Endapo angekuja.

LOREN: Signe...

SIGNE: Sauti yake ni nzuri, eeh? Nimewaona mlivyoinua shingo. Lakini msiizoee. Nawaambia mapema, msiizoee. Mimi niliizoea.

[Kifaranga mmoja analia, ananyamaza.]

SIGNE: Haya, lile kanisa lile. Naona paa. Simu itarudi. Nyinyi msimwambie kitu.

[Mtandao unakwaruza.]

SIGNE: Haloo? Baba? Upo?

LOREN: Nipo.

SIGNE: Ulikatika.

LOREN: Eeh. Mtandao.

SIGNE: Ulisikia chochote?

LOREN: Upepo. Upepo tu.

SIGNE: Oh. Haya. ... Mbona sauti yako iko hivyo?

LOREN: Vumbi. Nimekwambia huku ni vumbi.

SIGNE: Wameanza tena kulia. Ongea nao kidogo, nimebakiza mlima mmoja.

LOREN: Waongeleshe wewe.

SIGNE: Mimi sijui.

LOREN: Unajua.

SIGNE: Si nimekwambia mimi nasikia—

LOREN: Waongeleshe wewe, Signe. Mimi niache.

SIGNE: Kwa nini? Umekasirika?

LOREN: Sijakasirika.

SIGNE: Sasa kwa nini hutaki?

LOREN: Wasije wakanizoea.

[Breki. Pikapu inasimama. Vifaranga wanalia.]

SIGNE: Baba.

LOREN: Naam.

SIGNE: Ulisikia.

LOREN: Mbona umesimama? Umesimama barabarani?

SIGNE: Pembeni. Mbele ya sanduku la barua la akina Skaar. Ulisikia kuanzia wapi?

LOREN: Kuanzia "tulieni."

SIGNE: Aah! Jamani! Aah!

LOREN: Nilikuwa naita. Nilikuita mpaka Duane akadhani nimeumwa na nyoka. Ulikuwa hunisikii.

SIGNE: Si ungekata!

LOREN: Ningekata vipi?

SIGNE: Unabonyeza! Watu wanabonyeza wanakata!

LOREN: Signe, tangu uzaliwe sijawahi kukusikia ukiongea maneno mengi hivyo. Hata ningekuwa naungua nisingekata.

SIGNE: Nilikuwa naongea na bukini.

LOREN: Najua.

SIGNE: Hayakuwa yako, yale maneno. Yalikuwa ya bukini.

LOREN: Najua, mama. Najua.

[Honi ndefu.]

SIGNE: Nenda. Duane anakuita.

LOREN: Ndoo gani?

SIGNE: Nini?

LOREN: Anakaa juu ya ndoo gani? Ile ya bati au ya plastiki?

SIGNE: Ya plastiki. Ile nyeupe.

LOREN: Ile ina ufa. Itamfinya.

SIGNE: Anaweka gunia.

LOREN: Anaweka gunia. ... Na redio anaweka stesheni gani?

SIGNE: Ile yako. Ya bei za mahindi na ngoma za polka.

LOREN: Anaichukia hiyo.

SIGNE: Anaichukia sana.

[Sauti ya mlango wa gari upande wa Loren. Watu wanaongea kwa mbali.]

LOREN: Subiri. Usikate. ... Duane! Nishushie begi langu. ... La kijani. ... Hapana, chini. Weka chini hapo. ... Sijarukwa na akili, weka chini tu!

SIGNE: Baba? Unamwambia nini?

LOREN: Habari za begi.

SIGNE: Begi gani?

LOREN: Washa gari, kapanya. Huyo mdogo anataka maji. Tazama barabara.

SIGNE: Umesema alishushe?

LOREN: Nimesema tazama barabara!

SIGNE: Naitazama! Naitazama, iko hapa!

[Injini inawaka.]

LOREN: Anapumua?

SIGNE: Anapumua. Amenikojolea.

LOREN: Hiyo ni nzuri. Aliyekata tamaa hakojoi.

SIGNE: Sweta langu la shule!

LOREN: Litafuliwa. Sasa nisikilize vizuri. Ukifika, yeye kwanza, kabla ya wote. Kisha wengine mmoja mmoja, mdomo majini, halafu chini ya taa. Wakijikusanya katikati ni baridi, ishushe taa. Wakikimbilia pembeni ni moto, ipandishe. Na beseni liko wapi?

SIGNE: Kwenye baraza la nyuma. Mama alisema bandani kuna upepo.

LOREN: Kwa sababu ule mlango wa mashariki haufungi.

SIGNE: Haufungi tangu ulipoondoka. Tumeuegemezea boriti.

LOREN: Msiuguse. Bawaba yake inataka kunyooshwa na mtu aliyeikunja. Mimi ndiye niliyeikunja. Muuache hivyo hivyo.

SIGNE: Mpaka lini? Mpaka theluji?

LOREN: Kutoka hapa mpaka hapo nyumbani ni mchana kutwa na kipande cha usiku. Kama ile takataka ya gari langu itawaka. Imekaa muda.

SIGNE: Baba.

LOREN: Sijasema kitu. Nasema tu ni mbali.

SIGNE: Usiseme kama husemi kweli.

LOREN: Ndiyo maana nasema kidogo.

[Gari kubwa linaondoka upande wa Loren. Upepo.]

SIGNE: Ni nini hiyo?

LOREN: Ni Duane.

SIGNE: Anaenda?

LOREN: Ameenda.

SIGNE: Na wewe?

LOREN: Mimi nimesimama hapa na begi kama mtu aliyefukuzwa shule.

[Signe anacheka, anavuta makamasi.]

SIGNE: Naingia getini. Jamani.

LOREN: Nini?

SIGNE: Mama ameamka. Amesimama barazani. Ameshika kiuno mikono yote miwili.

LOREN: Basi umekwisha.

SIGNE: Nimekwisha kabisa. Niseme nini?

LOREN: Sema nilikutuma.

SIGNE: Hukunituma!

LOREN: Sema nilikutuma, lawama nitaibeba mimi. Zangu zimeshajaa gunia, hiyo moja haitaongeza uzito. ... Signe. Amevaa buti za—

SIGNE: Ndiyo.

LOREN: Asubuhi hii?

SIGNE: Ndizo alizozikuta mlangoni. Anakuja. Anaburuza. Baba, simu inalia ile tii, chaji inaisha.

LOREN: Mpe simu.

SIGNE: Mama?

LOREN: Mpe mama yako simu.

SIGNE: Kama karani wa benki?

LOREN: Nipe mama yako, we mtoto! Haraka, kabla haijazima!

SIGNE: Sasa hivi, nafungua mlango— nina kasha, nina huyu kwenye sweta— Mama! Mama, najua, najua, nitaeleza, shika hii kwanza— hapana, usiongee, sikiliza tu— ni yeye—

[Kishindo. Buti kwenye changarawe. Vifaranga wanalia wote.]

LOREN: Rhonda?

[Vifaranga wananyamaza.]